Pimbi wa Majabalini na Zawadi za Vita

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa masikio.

Masikio ya nini?

Ya kusikia ya leo.

Basi wakubwa sogeeni, wadogo kaeni mbele, na anayetafuna atafune taratibu. Leo nina mambo ya pimbi.

Hapo kale, kale ya kale, kulikuwa na mlima wa mawe. Mawe juu ya mawe, na juu ya mawe hayo mawe mengine. Mlima huo uliitwa Majabalini. Wenyewe walikuwa pimbi. Walikuwa na mapango ya kulala, mkuyu wa kula, na chemchemi iliyotoka kwenye ufa, to, to, to, mchana na usiku. Hawakuwa na ugomvi na mtu.

Kiongozi wao alikuwa mwanamke, Bi Sihaba. Mfupi, mnene, sauti kubwa. Akiwaita wenzake asubuhi, hata ndege wa bondeni waliamka. Mkuu wa walinzi wake alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, jina lake Chakupewa. Chakupewa alikuwa hodari, tena mcheshi. Ila akipewa kitu, moyo wake uliyeyuka. Hata ungempa jani kavu, angekushukuru mpaka uone haya.

Bondeni waliishi nyani, na mfalme wao alikuwa Makeke. Siku moja Makeke akapanda mlima na watu wake. Akasimama mbele ya Bi Sihaba.

"Bi Sihaba," akasema, "mlima huu ni wetu. Babu yangu alikaa juu ya jiwe hili."

"Alikaa," Bi Sihaba akajibu. "Alikuwa amechoka. Tukampa maji, akanywa, akashuka."

"Aliyekaa mahali ndiye mwenyewe."

"Basi mwenye dunia yote ni inzi."

Nyani waliokuwa nyuma wakacheka kidogo. Makeke hakucheka. Akageuka, akashuka. Kesho yake nyani wakaja wengi, wengi, wengi, na mawe mikononi.

Vu, pu. Vu, pu. Mawe yakaruka asubuhi hata jioni. Pimbi waling'ata, walipiga kelele, waliviringisha magogo. Lakini nyani ni mkubwa na pimbi ni mdogo. Jua lilipokuwa linazama, nyani walikuwa wameshika mawe yote ya chini, mpaka kwenye korongo linalokata mlima katikati. Na pimbi wawili hawakurudi, Shamte na dada yake Mosi, waliokuwa wa kwanza kusimama njiani. Waliobaki wakahamia juu, wakabanana mapangoni, huyu mguu wake shingoni mwa yule. Siku hiyo hakuna aliyeimba.

Habari zikashuka mlima. Habari zikavuka mto. Ng'ambo ya mto wanyama wakakutana.

"Jamani, pimbi wanaonewa," akasema mmoja.

"Wanaonewa kweli," akasema wa pili.

"Wasaidiwe," akasema wa tatu.

"Wasaidiwe kabisa," wakasema wote.

Wakasema hivyo mpaka njaa ikawauma, wakaenda kula. Lakini nisiwaseme vibaya. Waliposhiba walikumbuka.

Wa kwanza kuja alikuwa Ndovu. Ndu, ndu, ndu. Mlima ukatikisika, pimbi wakadhani vita vimerudi. Kumbe ni Ndovu, amebeba pembe. Si pembe zake za mdomoni, hapana. Pembe ya marehemu mjomba wake, ndefu, nyeupe, nzito. Akaiweka chini ya mlima, upande ambao nyani hawakufika. Akatoa hotuba. Akasema juu ya urafiki, juu ya mjomba wake, juu ya urafiki tena. Pimbi wakasinzia, wakaamka, bado anasema.

"Silaha hii," akamaliza, "iliwahi kumwangusha kifaru."

Chakupewa machozi yakamtoka. Akaanzisha wimbo, na pimbi wote wakaitikia:

*Ahsante mgeni, ahsante,*
*Umetoka mbali, ahsante,*
*Kilicholetwa tumekipokea,*
*Cha kukifanyia tutakijua.*

Ndovu akaondoka amefurahi. Pimbi wakaizunguka pembe. Wakaishika huku, wakaishika kule.

"Haya, wote pamoja. Eee, haa."

Haikutikisika.

"Tena. Eee, haa."

Pimbi mmoja akajamba. Pembe haikutikisika.

"Tutaizoea," akasema Chakupewa. Akachukua majani, akaanza kuisugua ing'ae.

Wa pili kuja alikuwa Kobe. Alikuwa ameahidi kabla ya wote, akafika baada ya Ndovu. Nyuma yake kulikuwa na jamaa zake, kila mmoja amebeba juu ya mgongo wake gamba tupu la babu fulani au shangazi fulani.

"Nguo za vita," akasema Kobe. "Jiwe likipiga, ta, linarudi."

*Ahsante mgeni, ahsante,*
*Umetoka mbali, ahsante,*
*Kilicholetwa tumekipokea,*
*Cha kukifanyia tutakijua.*

Chakupewa akavaa wa kwanza. Gamba likamfunika mwili mzima, ikabaki pua tu. Akapiga hatua. Akapiga hatua ya pili. Mlima una mteremko, na gamba la kobe ni la mviringo. Gololo, gololo, gololo, mkuu wa walinzi akashuka mlima mzima, akapita korongo, akapita katikati ya nyani waliokuwa wanakula, akagonga mti, bwi. Nyani walishangaa sana. Walikuwa hawajawahi kushambuliwa na jeshi la mtu mmoja wakati wa chakula. Wakatawanyika. Kabla hawajarudi, Chakupewa alikuwa ametoka ndani ya gamba na yuko juu, anahema, amechubuka pua.

"Ni nguo nzuri," akasema. "Ila zinapenda safari."

Bi Sihaba alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini magamba hayo hakuyaacha. Alisema yawekwe kwenye milango ya mapango, kama mlango hasa. Na kweli, nyani wakirusha mawe, ta, ta, ta, mawe yanarudi, na watoto ndani wanaendelea kunyonya. Kobe alipoambiwa, alifurahi. Akasema hata yeye hakuwa na hakika kama nguo hizo zingewafaa.

Wa tatu kuja alikuwa Nungunungu, jirani wa upande wa machweo. Alileta miiba yake mwenyewe, ile inayodondoka ikiota mingine. Mirefu, myepesi, mikali mbele. Pimbi mmoja aliweza kubeba mmoja na kukimbia nao. Hapa sasa hakuna aliyeuliza wa nini. Waliimba wimbo wao kwa nguvu, *Ahsante mgeni, ahsante*, lakini kabla hawajamaliza Nungunungu akainua mkono.

"Kuna sharti," akasema.

Wimbo ukakatika.

"Miiba yangu isivuke korongo. Nyani akija upande wenu, mchomeni. Akiwa upande wa pili, mwacheni."

"Kwa nini?" akauliza Bi Sihaba.

"Makeke naye ni jirani yangu. Sitaki aseme nimemchokoza."

Chakupewa akamvuta shemeji yake sikio. "Kubali," akanong'ona. "Ukimkatalia anayekupa, kesho hakupi."

Bi Sihaba akakubali.

Kesho yake nyani wakavuka korongo. Pimbi wakatoka na miiba. Cho, cho, cho. Nyani wakarudi mbio, wameshika makalio. Pimbi wakawakimbiza mpaka ukingoni, wakasimama. Nyani wakageuka, wakashangaa. Mbona hawa wamesimama?

Mmoja akavuka kidogo, akachomwa, akarudi. Akakaa ng'ambo, hatua chache tu. Hakuna aliyemgusa. Akajikuna. Hakuna aliyemgusa. Akaokota jiwe, akarusha, vu, pu. Hakuna aliyemgusa.

Makeke akaelewa. Tangu hapo nyani hawakuvuka tena. Walikuja kila asubuhi, wakakaa ukingoni kwao kama watu waliokuja harusini, wakachambuana chawa, wakarusha mawe. Wakichoka wanakula. Wakishiba wanarusha tena. Jiwe moja lilimvunja mguu pimbi mzee aliyekuwa anachota maji. Tangu siku hiyo kwenda chemchemini kukawa ni kubahatisha maisha.

Bi Sihaba akaliokota jiwe hilo. Akashuka nalo upande wa machweo, peke yake, mpaka kwa Nungunungu. Akamkuta anachimba viazi.

"Hodi jirani."

"Karibu jirani. Miiba yaendaje?"

Bi Sihaba akaweka jiwe chini, mbele yake.

"Jiwe hili limetoka ng'ambo ya korongo," akasema. "Lilivuka. Halikuomba ruhusa kwa mtu."

Nungunungu akalitazama jiwe. Miiba ya mgongoni ikasimama, ikalala. Akaacha kuchimba.

"Bi Sihaba, nikwambie ukweli. Ninaogopa. Nikiwaruhusu kuvuka, Makeke atakuja kwangu."

"Akitumaliza sisi, ataishia wapi? Atakuja kwako, tena atakuja ameshiba maji yetu."

"Huenda akaridhika."

"Ulishawahi kumwona nyani aliyeridhika?"

Nungunungu akafikiri. Alikuwa mkweli, akasema hajawahi. Akachukua kiazi, akakiweka chini. Akachukua kingine.

"Basi vukeni," akasema. "Lakini kidogo."

"Kidogo cha nungunungu au kidogo cha pimbi?"

"Kidogo cha kuwafanya waondoke."

"Hicho kinatosha," Bi Sihaba akasema. Akala kiazi alichopewa, akapanda mlima.

Sasa alipofika juu, alimkuta Chakupewa anahangaika. Anakwenda huku, anarudi kule.

"Shemeji, tumekwisha. Ndovu anakuja kuona pembe yake inavyopigana."

"Nani kamwambia inapigana?"

Chakupewa akainamisha kichwa. "Mimi. Kila anapotuma tai kuuliza, namjibu kwamba inafanya kazi vizuri. Ningemwambiaje? Ni ya marehemu mjomba wake."

Bi Sihaba hakumgombeza. Naye alikuwa na hofu hiyo hiyo. Ndovu akikasirika, ng'ambo yote ya mto itasikia kwamba pimbi hawana shukrani, na nani atawasaidia tena? Lakini mzee wa watu alikuwa ndani anaugua mguu, na maji yalikuwa hayachoteki.

Ndu, ndu, ndu. Ndovu akafika. Akaikuta pembe mahali alipoiacha, imesuguliwa inang'aa kama mwezi, haina hata mkwaruzo.

"Mbona iko hapa?" akauliza.

Chakupewa akafungua mdomo kuimba wimbo. Bi Sihaba akamkanyaga.

"Baba Ndovu," akasema, "pembe ni nzuri. Hatujawahi kupewa kitu kizuri kama hiki. Lakini hatuwezi kuiinua. Tumejaribu wote. Sisi ni wadogo."

Masikio ya Ndovu yakasimama kama milango. Pimbi wakaziba macho. Ndovu akaitazama pembe. Akamtazama Bi Sihaba, aliyekuwa mfupi kuliko ukucha wake. Akaitazama tena pembe. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, na kicheko kikatoka puani, fuu, kikampeperusha Chakupewa mpaka kwenye kichaka.

"Sikuwaza," akasema Ndovu. "Nilileta kinachonipendeza mimi. Sasa naomba niulize nilichopaswa kuuliza mwanzo. Mnahitaji nini?"

Katika siku zote za vita, hilo ni swali ambalo hakuna aliyemuuliza Bi Sihaba. Akatazama mlima. Akatazama mteremko wa jiwe jeusi lililo ukingoni mwa korongo, upande wa nyani, jiwe pana na laini. Hiyo ndiyo njia pekee ya nyani ya kuja na kurudi; wakitaka kutoka ukingoni lazima walipande. Akatazama nyayo zake mwenyewe.

Nyayo za pimbi, enyi wasikilizaji, ni laini na zina unyevunyevu. Zikikanyaga jiwe zinanata, nya, nya, kama zimepakwa ulimbo. Pimbi hupanda ukuta huku anazungumza na mwenzake. Kiganja cha nyani si hivyo. Kiganja cha nyani kinataka jiwe kavu.

"Baba," akasema, "tunahitaji uoge."

"Nioge?"

"Uende mtoni, ujaze mkonga tope, uje uoge pale ukingoni. Uoge vizuri, ujimwagie. Likimwagika juu ya lile jiwe jeusi, ni bahati mbaya."

"Mimi niliwaambia wenzangu siingii vitani," Ndovu akasema. "Nilisema nitatoa vifaa tu."

"Kuoga si kupigana."

Ndovu akafikiri. Akageuza shingo huku, akageuza kule.

"Kweli," akasema, "mimi mwenyewe naona nimechafuka."

Akaenda mtoni. Akarudi. Fuuu, tope. Akaenda tena. Fuuu, tope. Alioga Ndovu siku hiyo kuliko alivyowahi kuoga tangu azaliwe. Nyani walikuwa wamekaa ukingoni chini ya jiwe, wanamtazama, wanacheka. Jitu zima linaoga mara zote hizo, limekuwa bibi harusi?

Tope likatelemka. Likalifunika jiwe jeusi lote, laini, la kuteleza, linang'aa.

Ndipo Bi Sihaba akapiga ukelele wake. Kwiii. Pimbi wakatoka mapangoni, kila mmoja na mwiba wake. Wakafika korongoni. Hawakusimama. Wakavuka.

Nyani wakasimama kwa mshangao. "Hawa hawavuki," mmoja akasema. "Ilikubaliwa hawavuki." Akachomwa huku anaeleza.

Wakageuka kukimbia. Njia ni jiwe jeusi. Wa kwanza akapanda, telee, pu. Wa pili akamshika wa kwanza mkia, telee, pu. Makeke akapanda juu ya migongo yao, telee, telee, telee, pu, akaangukia miiba. Wanainuka wanaanguka, wanaanguka wanainuka. Na pimbi wanatembea juu ya tope hilo hilo, nya, nya, nya, cho. Nya, nya, nya, cho. Kila aliyegeuka alichomwa nyuma. Aliyegeuza nyuma alichomwa mbele.

"Inatosha," akapaza sauti Bi Sihaba. "Kidogo tulichoahidi kimetosha."

Pimbi wakaacha. Wakawaonyesha njia ya pembeni, ambayo pimbi tu waliijua. Nyani wakashuka polepole, wamepinda, wakafika bondeni. Na hapo ndipo wakagundua shida yao. Nyani anakula amekaa. Anazungumza amekaa. Anachambua chawa amekaa. Sasa hakuna hata mmoja anayeweza kukaa.

Wakasimama siku hiyo. Wakasimama na iliyofuata. Wakajaribu kung'oana miiba, lakini vidole vyao vinene vikaizamisha zaidi. Mwishowe Makeke akapanda mlima, hana jiwe mkononi. Akasimama mbele ya Bi Sihaba.

"Karibu, keti," Bi Sihaba akasema.

"Nitasimama, mama."

"Umefuata nini?"

"Nimesikia pimbi wana meno membamba ya mbele. Yanafaa kung'oa miiba."

"Yanafaa. Lakini kila mwiba una neno lake. Chakupewa, anza. Makeke, mawe ya chini ni ya nani?"

Makeke akanong'ona.

"Sijasikia, na watu wako huko chini hawajasikia."

"Ni ya pimbi," akasema Makeke kwa sauti. Chakupewa akang'oa. Cho. Makeke akafumba macho, akapumua.

"Chemchemi?"

"Ya pimbi." Cho.

"Na babu yako?"

"Alikuwa amechoka. Akapewa maji, akanywa, akashuka." Cho, na huo ndio uliokuwa mrefu kuliko yote.

"Na Shamte na Mosi?"

Makeke akageuka, akatazama bondeni. Safari hii haikuwa kwa ukaidi. Akasema, "Tutawaleta." Na jioni nyani wakawapandisha, wamewafunika majani. Pimbi wakawazika chini ya mkuyu, wakaimba nyimbo zote ambazo hawakuziimba siku ile. Nyani wakasimama mbali, vichwa chini. Halafu pimbi wakashuka bondeni, wakawang'oa nyani miiba mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akaweza kukaa, akatoa sauti ya raha kama mtoto aliyeshiba.

Tangu siku hiyo nyani akitaka maji ya Majabalini hupiga hodi. Akikaribishwa huingia, hunywa, hushukuru, hushuka.

Na mafunzo yake ni haya. Ukitaka kumsaidia aliyevamiwa, muulize kwanza anahitaji nini, mpe upesi, na usimfunge mikono kwa masharti ya hofu yako. Na wewe unayesaidiwa, shukuru, lakini mwambie ukweli aliyekupa, kwa maana anayekupenda hatakasirika, na vita havingojei heshima.

Ngano yangu imekomea hapo. Iliyo tamu chukueni, iliyo chachu niachieni mwenyewe.